Viti vya nyuma ya uzio Fenway Park: macho hukosa nini?

Mwalimu wa Milimani (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa.

Mwezi Julai, Mungu akipenda, nitasafiri na mama mzazi kwenda Boston kumtembelea dada yangu, ambaye watoto wake wawili hawalali kabla ya kujua timu yao ya besiboli, Red Sox, imeshinda au imeshindwa. Wameniomba niwanunulie tiketi za mchezo mmoja kule Fenway Park iwe zawadi ya mjomba, nami nikakubali kabla ya kuuliza bei. Viti vilivyo karibu na mpigaji vimenishinda mara moja. Nimebaki na viti vya mbali, yaani vile vilivyopangwa nyuma ya uzio unaofunga uwanja wa nje.

Kwa wasioujua mchezo huu, chukueni chapati mkaikate vipande vinne. Kipande kimoja ndicho uwanja wa besiboli: mpigaji husimama kwenye ncha, mrushaji humkabili akiwa mita 18 na ushei mbele yake, na sisi wa tiketi za bei nafuu tutakaa nje ya ule ukingo wa mviringo, tukitazama kuelekea kwenye ncha. Ramani ya viti iliyowekwa kwa wanunuzi ina rangi za kupendeza, lakini haimwambii mtu atakapoketi ataona nini na atafichwa nini.

Nina sababu ya kuuliza. Miaka kadhaa iliyopita nililipia jukwaa lenye paa katika uwanja mmoja wa kandanda wa huku kwetu, ambao sitautaja, nikakuta kiti changu kiko nyuma ya nguzo inayoshikilia paa hilo. Nguzo yenyewe haikuzidi mgomba kwa unene, ila ilikuwa imesimama sawasawa kati yangu na goli la upande wa kushoto. Bao la pekee la siku ile nililisikia tu. Niliona winga akiinua krosi, mpira ukaingia nyuma ya chuma, kisha jirani yangu akanikumbatia. Sipendi kuvuka bahari ili nikalipie nguzo nyingine.

Naomba basi mwenye ujuzi anieleze ni sehemu zipi za uwanja ambazo mtu aliyeketi upande wa nje hazioni kabisa, na kama ni afadhali mchezo wa mchana au wa jioni. Mama ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na hawezi kukaa saa tatu akiwa amegeuza shingo.

Shangazi wa Kondele

Mwalimu, mpe mama salamu zangu. Niliishi Boston miaka sita nikifanya kazi ya uuguzi, na kwa kuwa zamu zangu nyingi zilikuwa za usiku, nilikwenda Fenway mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani, jambo ambalo mchungaji wangu alilijua.

Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1912 ukabanwa kati ya barabara zilizokuwepo, ndiyo maana ukingo wake haufanani na wa chapati yako. Upande wa kushoto uzio uko karibu sana, mita 94 na nusu tu kutoka kwa mpigaji, na ili mipira isipite ovyo pamesimamishwa ukuta wa kijani wenye urefu wa mita 11 na zaidi, unaoitwa Green Monster. Ukielekea katikati kuna kona inayokimbia hadi mita 128. Upande wa kulia kabisa mlingoti wa pembeni uko mita 92 tu. Kwa hiyo ukisema "viti vya upande wa nje", umetaja viti vya aina tatu au nne, na kila aina ina maradhi yake.

Viti vya juu ya ukuta wa kijani viliongezwa mwaka 2003, na watoto watakuambia ndivyo bora duniani. Ni kweli unaona uwanja wote kama uliochorwa mezani, isipokuwa ule ulio chini ya miguu yako. Mpira ukigonga ukuta na kurudi, wewe uliye juu yake unauona ukizama, halafu unamngoja mchezaji wa kushoto ajitokeze akiwa nao mkononi. Ule ubao wa matokeo ambao hadi leo namba zake hubadilishwa kwa mikono uko chini ya huo ukuta, kwa hiyo mwenye kiti cha juu yake ndiye asiyeuona. Bei yake nayo si ya mwalimu wala ya muuguzi.

Viti nitakavyokukataza ni vile vya jukwaa lenye paa upande wa kulia, sehemu zenye namba ndogo kuanzia 1. Ramani inavionyesha kama viko karibu, na kweli viko karibu, lakini vimefungwa vikielekea uwanja wa katikati na wa kushoto badala ya kumwelekea mpigaji. Niliketi huko siku moja, na kufikia awamu ya nne kati ya tisa za mchezo nilikuwa nimekaa ubavu, goti langu likiwa kwenye kiti cha mzee wa watu. Kwa shingo ya mama, hapana.

Mimi ningemweka kwenye jukwaa la wazi la nyuma ya uwanja wa katikati na wa kulia, sehemu zinazohesabiwa 34 hadi 43. Ndilo "Russia" ya huko, kama tunavyoyaita huku kwetu majukwaa ya wazi ya bei nafuu: hakuna paa, hakuna nguzo hata moja, na kiti kinatazama mchezo. Utakuwa mbali, hilo ulijue mapema. Uwanja wa kandanda una mita 105 kutoka goli hadi goli. Wewe utakuwa kana kwamba umeketi nyuma ya goli moja ukimtazama kipa wa lile jingine, kisha uongeze mita 25 au zaidi. Katika sehemu ya 42, safu ya 37, kuna kiti kimoja chekundu kati ya vya kijani, kilichowekwa kuonyesha mahali ulipoangukia mpira uliopigwa na Ted Williams wa Red Sox tarehe 9 Juni 1946, mita 153 kutoka kwa mpigaji. Wapeleke watoto wakakione kabla mchezo haujaanza.

Umbali huo una mambo mawili ambayo hakuna aliyenieleza nilipokwenda mara ya kwanza. La kwanza ni sauti. Unaona gongo la kupigia limekwisha kuzunguka na mpigaji ameanza kukimbia, ndipo mlio unakufikia, kwa sababu sauti hutumia karibu sehemu nne za kumi za sekunde kufika kwako. Mrushaji mwenye nguvu hutumia muda kama huohuo kuufikisha mpira wake kwa mpigaji. Ukisubiri mlio ndipo utazame, umechelewa. La pili ni mipira ya juu. Ule unaopigwa ukaelekea kwako moja kwa moja huonekana kama umesimama hewani, na huwezi kujua utaanguka miguuni mwa mchezaji au kwenye mapaja yako. Usiutazame mpira, mtazame mchezaji wa nje. Akianza kutembea kinyumenyume polepole, ataudaka. Akigeuka akakupa uso akikimbia, mwambie mama ainue mkoba wake, kwa maana wavu wa kuwakinga watazamaji uko upande wa wapigaji, na huku nje hakuna wavu.

Fundi Ramani (Nakuru)

Nimechora majengo kwa miaka mingi, ingawa viwanja ni vichache kati ya hayo, na nataka kuongeza hesabu moja ndogo kwenye maelezo ya Shangazi, kwa kuwa ndiyo inayoamua mwalimu achague safu gani.

Eneo lililofichwa chini ya uzio unaweza kulikadiria kwa kalamu. Tuseme uzio una mita 2.4, na macho ya mtu wa safu ya kwanza yako mita 1.2 juu ya ukingo wa uzio na mita 1 nyuma yake. Mstari wa macho ukipita juu ya ukingo huo utagusa ardhi mita 2 mbele ya uzio, na kila kilicho kati ya hapo na uzio hakionekani. Sasa panda hadi safu ya 10, ukichukulia kwamba kila safu inarudi nyuma sentimita 80 na kuinuka sentimita 35: eneo lililofichwa linakuwa mita 4 na nusu. Huo ni karibu upana wote wa ule ukanda wa udongo uliozunguka uwanja, ambao humwonya mchezaji anayekimbia kinyumenyume kwamba ukuta umekaribia. Mchezaji akiruka hapo kudaka, utaona kofia na glavu tu.

Wengi hudhani kwamba ukizidi kupanda hali inazidi kuharibika. Sivyo. Kwa vipimo hivyohivyo, mtu wa safu ya 30 anafichwa mita 5 na kidogo, na hata ukijenga safu mia hutafika mita 6. Kwa maneno mengine, hasara kubwa iko kati ya safu ya 1 na ya 10. Baada ya hapo unachopoteza ni umbali. Mwalimu asimpandishe mama ngazi ndefu, wala asilipe zaidi kwa tofauti ya safu ya 15 na ya 25.

Ule ukuta wa kijani ndio unaotisha kwenye hesabu hii. Macho yakiwa mita 1.2 juu ya ukingo na sentimita 80 nyuma, ukuta wa mita 11.3 unaficha mita 7 na nusu za nyasi na udongo. Mtu anayeinama mbele juu ya meza iliyo pale hupunguza upofu huo, lakini akiinama yeye, huinama na jirani yake.

Kuhusu vichwa vya watu walioketi mbele, mwalimu asiwe na hofu. Sisi wachoraji hupima ni milimita ngapi mstari wa macho wa mtu wa nyuma unapita juu ya macho ya mtu wa mbele. 60 zinavumilika, 90 ni nzuri, 120 ni bora. Kadiri unachotazama kilivyo mbali, ndivyo kipimo hicho kinavyokuwa kikubwa bila gharama yoyote. Kwa mpigaji aliye mita 130, ngazi ya sentimita 35 inakupa zaidi ya milimita 300. Kwa hiyo kichwa cha mbele hakitamficha mpigaji hadi mwenye kichwa asimame, na watasimama, kwa kuwa kila mpira mrefu unawainua watu wote. Hapo hesabu yangu inaishia.

Mpenda Kriketi (Kisumu)

Swali la mchana au jioni halijajibiwa, na lina jibu ambalo wachezaji wa kriketi wa mji huu wangelitambua haraka. Wanaokumbuka Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 watakumbuka pia kile kiambaza kikubwa kinachosimamishwa nyuma ya mrusha mpira ili mpigaji auone mpira ukitoka mkononi. Katika mechi za mpira mwekundu huwa cheupe. Besiboli ina mpira mweupe, kwa hiyo inahitaji giza: nyuma ya mrushaji, upande wa katikati kabisa, pasiwe na mashati meupe yanayochezacheza. Fenway, katika michezo ya mchana, baadhi ya viti vya katikati hufunikwa kwa turubai jeusi na haviuzwi. Usishangae ukiona ramani ya mchana imepungua viti ambavyo ramani ya jioni inavyo. Hakuna aliyevinunua vyote kabla yako.

Jua nalo lina kanuni yake. Sheria za besiboli zinapendekeza mstari wa kutoka kwa mpigaji kwenda katikati ya uwanja uelekee mashariki kidogo kaskazini, ili jua la alasiri lisimchome mpigaji machoni. Aliyeketi nje anatazama upande wa pili, yaani magharibi. Kaa Dunga saa kumi na moja jioni ukitazama ziwani bila kofia, utajua jukwaa lile likoje mchezo wa saa saba na nusu mchana unapokaribia kuisha. Mechi ya jioni pia huanza jua likiwa bado juu wakati wa Julai, kwa kuwa huko wakati huo jua huzama baada ya saa mbili, lakini taabu hiyo ni ya awamu chache za mwanzo. Chukueni ya jioni, na kofia zenye ukingo.

Mkaazi wa Kakamega

Naheshimu waliotangulia, lakini sikubaliani na wote. Mama wa miaka 74 anahitaji kivuli na kitu cha kuegemea kuliko anavyohitaji kuona ukanda wa udongo. Ningemtafutia kiti chini ya paa, upande wa kushoto, hata kama tiketi imeandikwa kwamba mwono umezibwa kwa kiasi fulani. Niliwahi kuketi huko nyuma ya nguzo. Niliinamisha kichwa kidogo na mambo yakaenda. Kwa uchache tiketi ile ilisema ukweli. Katika uwanja mpya wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, uliofunguliwa mwaka 2009, walijenga baa ya vioo katikati ya majukwaa ya nje, na waliokaa kandokando yake, sehemu za 201 na 239, wakapoteza upande mzima wa uwanja wa nje. Viti hivyo viliuzwa dola 5, na ukutani zikawekwa televisheni ili watu watazame kwenye skrini mchezo uliokuwa ukichezwa mbele yao. Baadaye viti vyenyewe viling'olewa. Ikiwa uwanja mpya uliweza kufanya hivyo, nguzo za uwanja wa mwaka 1912 tuzisamehe.

Fundi Ramani (Nakuru)

Ndugu wa Kakamega, kuhusu kivuli nakuunga mkono. Kuhusu nguzo, naomba tupime. Nguzo yenye upana wa sentimita 30 ikiwa mita 5 mbele yako, ukiwa na macho mawili mazima, inaficha karibu mita 3 za uwanja kwa umbali wa mita 60. Ikikuangukia kwenye nyasi tupu, hutajua kama ipo. Ikimwangukia mrushaji, utainamisha kichwa kila anaporusha, na timu zote mbili hurusha mipira takriban 300 katika mchezo mmoja. Wewe uliinama "kidogo" kwa sababu nguzo yako ilikaa pazuri. Mwalimu hawezi kujua yake itakaa wapi mpaka aketi, na tayari ameshapatwa na hilo mara moja.

Mwalimu wa Milimani (Kisumu)

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kuchelewa kujibu. Tulikuwa tukisahihisha mitihani.

Nimemsomea mama majibu yenu. Alikuwa na swali moja tu: je, mpira wenyewe atauona? Nikafanya hesabu kwa kufuata njia ya Fundi. Mpira una kipenyo cha sentimita 7 na nusu hivi, na ukiutazama kutoka mita 130 ni sawa na sarafu ya shilingi kumi iliyoshikwa umbali wa mita 40. Jumamosi nilichukua utepe wa kupimia riadha, nikapima mita 40 katika uwanja wa shule, nikampa kijana mmoja wa kidato cha pili sarafu hiyo aishike juu huku mama akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Aliiona. Kijana alipoirusha juu aliiona ikipanda, akaipoteza ilipopita mbele ya ukuta mweupe wa darasa, akaiona tena ilipofika kwenye miti. Kijana aliidaka, na mama akasema ameona mkono ukifumba, hiyo inamtosha.

Hoja ya kivuli imenipa shida kidogo, ila mchezo wa jioni unaimaliza kwa kiasi kikubwa, na shingo yake ni muhimu zaidi. Tumekubaliana kuchukua sehemu ya 40, safu za katikati, kiti cha kwanza kando ya ngazi ili anyooshe mguu. Watoto walikuwa wameng'ang'ania ukuta wa kijani hadi nilipowaambia kwamba aliye juu yake hauoni ule ubao wa namba za mikono. Wakanyamaza, kwa kuwa mkubwa huandika matokeo kwenye daftari na huyanakili kutoka kwenye ubao huo. Tiketi nitazilipia mshahara ukiingia. Dada yangu ameagizwa kununua kofia nne.